Namna ya Kulisha Bunduki Mbili kwa Ganda Moja

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya Bwana Ni-Ileile. Ukikaa Litein siku ya soko, au ukijibanza chini ya bati pale Kapkatet ukingoja mvua ipite, lazima umsikie. Nati haiingii? Ni ile ile, kaza tu. Mkanda wa posho mill umekuwa mfupi kidogo? Ni ule ule, vuta. Mara nyingi anapona, kwa kuwa nati huharibika peke yake na mkanda hukatika peke yake. Akishika bunduki mambo hubadilika, maana shavu lake liko shubiri moja tu kutoka kwenye bolti, na ndani ya chemba, yaani tundu inamokaa risasi, shinikizo la risasi ya kisasa hufikia takribani paundi 60,000 kwa kila inchi ya mraba. Gurudumu la gari dogo linatosheka na thelathini na kitu. Namtania kwa sababu nataka azeeke na macho yake yote mawili.

Swali lake ni moja. Ana bunduki mbili za kipimo kimoja, ana maganda yaliyokwisha kupigwa, na amesikia kwamba Marekani watu huyajaza upya mezani kwao: fataki mpya, baruti mpya, kichwa kipya, kisha wanarudi uwanjani kulenga shabaha. Je, ganda lililotoka kwenye bunduki ya kwanza litaingia kwenye ya pili?

Hatua ya kwanza haihitaji bunduki. Inahitaji koti safi na bahasha. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, kwa hiyo hadithi ya kutafuta risasi za pongo wa Chepalungu iishie mlangoni. Kinachobaki ni Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na cheti chako, ambacho kinakutaja wewe, kinaitaja bunduki, na kinataja idadi ya risasi unazoruhusiwa kuwa nazo. Cheti cha kumiliki si kibali cha kutengeneza. Nenda ukaulize, na uulize kwa maandishi, kabla hujanunua hata kijiko kimoja cha baruti. Mazungumzo huenda hivi:

"Afande, ninataka kujaza maganda yangu upya."

"Maganda gani, mzee?"

"Ya .303, afande. Yako mengi tu nyumbani."

"Mengi ni mangapi? Na cheti chako kinasema mangapi?"

Usivuke kizingiti cha ofisi ile kama hujui jibu la swali hilo la mwisho. Ukiambiwa hapana, mwongozo huu bado utakufaa, kwa kuwa mambo yanayofuata ndiyo yatakayokuokoa hata ukitumia risasi za dukani.

Hatua ya pili: acha kuitegemea namba. Ile iliyopigwa chapa kwenye kitako cha ganda inataja aina ya risasi. Haijawahi kuiona chemba yako. Chukua 7.62, namba ambayo kila mtu aliyewahi kusikiliza taarifa ya habari anaijua. Iko 7.62×39 ya AK-47, iko 7.62×51 ya G3 ambayo polisi wa Kenya wameibeba kwa miaka mingi, na iko 7.62×54R ya bunduki za Kirusi za rasharasha. Namba ya pili ni urefu wa ganda kwa milimita, na hapo tofauti inaonekana kwa macho. Lakini hata ile ya kwanza, inayodaiwa kuwa moja kwa zote, haiko sawa: kichwa cha risasi ya AK kina unene wa milimita 7.92 hivi, na cha G3 kina 7.82. Bwana Ni-Ileile akiambiwa hivyo hucheka na kusema sehemu moja ya kumi ya milimita ni nywele. Ni kweli, ni nywele. Mtutu wa chuma hauna huruma na nywele.

Mambo makubwa makubwa hayo hayaniogopeshi sana, kwa kuwa ganda refu mno halifungiki na mtu huacha. Zinazoniogopesha ni zile zinazofanana hata ndugu akazichanganya. Risasi ya .308 Winchester iliingia sokoni mwaka 1952, na 7.62×51 ya majeshi ya NATO ikapitishwa mwaka 1954. Ziweke kiganjani, huwezi kuzitofautisha. Ila chemba ya kijeshi inaruhusiwa kuwa ndefu zaidi kwa sehemu kadhaa za elfu za inchi, na ganda la kijeshi kwa kawaida lina kuta nene zaidi. Kuta nene maana yake nafasi ya ndani ni ndogo, na baruti ile ile ikiwekwa kwenye nafasi ndogo husukuma kwa nguvu zaidi. Habari za .223 Remington na 5.56 ya kijeshi zinafanana na hizo, isipokuwa hapo tofauti kubwa iko mbele, pale kichwa kinapoanza kukutana na mifereji ya mtutu: chemba ya kijeshi hukiachia nafasi, ya kiraia hukibana mapema, na risasi ya kijeshi ndani ya chemba ya kiraia hupandisha shinikizo.

Nchi yetu ina kiwanda cha risasi, na hakiko mbali. Ukitoka Kericho ukapitia Kapsabet, utafika Eldoret, makao ya Kenya Ordnance Factories Corporation, shirika lililoanzishwa rasmi mwaka 1997. Kiwanda cha namna hiyo hakiishi kwa macho ya fundi. Kinaishi kwa geji: chuma kilichochongwa kwa kipimo cha chini kabisa kinachokubalika, na kingine kwa kipimo cha juu kabisa, na kila kinachopita katikati ndicho kinachotoka. Mtu anayejaza maganda mezani amechukua kazi ya kiwanda kizima, na geji yake pekee ni subira.

Hatua ya tatu ni kuijua .303, kwa sababu ndiyo namba iliyotangulia kufika huku kabla ya chai. Waingereza waliipitisha mwaka 1888. Mwaka 1905 msafara wa adhabu ulitumwa dhidi ya Wakipsigis wa Sotik, ukiwa na bunduki za rasharasha za Maxim mbele ya watu wa mikuki na ngao, na jeraha hilo bado linazungumzwa Bomet hadi leo. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia maofisa wa Kiingereza waliojeruhiwa walipewa ekari 25,000 za Kericho walime kitani. Bei ya kitani ikaanguka, mradi ukafa, na katikati ya miaka ya 1920 Brooke Bond na James Finlay wakaingia na miche ya chai juu ya ardhi ambayo wenyewe hawakuulizwa. Vijana wa Kipsigis na Nandi nao waliandikishwa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, na katika Vita vya Pili vya Dunia wakabeba Lee-Enfield, bunduki ya .303, hadi Burma. Mtu wa huku anayesema "Mark Four", akimaanisha Lee-Enfield Namba 4, anajua anachosema.

Sasa sikiliza ubaya wa Mark Four, ambao ndio huo huo uzuri wake. Chemba yake ilichongwa kwa ukarimu. Jeshi lilijua bunduki itaanguka kwenye tope, na risasi zitatoka Uingereza, India, Kanada, Australia na Afrika Kusini, kila kiwanda na tofauti zake ndogo. Kwa hiyo waliacha nafasi. Ganda la .303 lina ukingo unaotokeza kitakoni, na ukingo huo ndio unaolizuia lisitumbukie ndani. Bega lake, kule mbele linapoanza kuwa jembamba, linaelea bila kugusa chochote. Nafasi ya ukingo kijeshi iliruhusiwa kuwa kati ya inchi 0.064 na 0.074. Bunduki mbili zilizopita ukaguzi siku moja zinaweza kuachana kwa inchi 0.010, na zote zikawa nzima. Kwenye Namba 4 hata kichwa cha bolti kiliweza kuondolewa na kubadilishwa, kikitolewa kwa saizi zenye namba 0 hadi 3, ili fundi wa silaha arekebishe nafasi hiyo bunduki inapozeeka.

Mfano wa kinyume chake ni bunduki ya Ross ya Wakanada. Ilikuwa ya .303 kama Lee-Enfield, ikapigiwa sifa uwanjani kwa shabaha, na chemba yake ilibana. Risasi za Kanada zilizotengenezwa kwa uangalifu ziliingia vizuri. Aprili 1915, kule Ypres, wanajeshi wakapewa risasi za Kiingereza zilizokuwa nene kidogo. Namba kwenye kitako ilikuwa ile ile. Bunduki zikapata joto, maganda yakang'ang'ania, watu wakapiga bolti kwa buti na sululu huku adui anakuja, na wengi waliokuta Lee-Enfield kando ya maiti waliichukua na kuitupa Ross. Chemba zikapanuliwa baadaye, na mwaka uliofuata Ross ikaondolewa kwenye mstari wa mbele Ufaransa. Kisa hiki namwomba Bwana Ni-Ileile akisome mara mbili. Wale hawakuwa wazembe. Walikuwa askari waliotii namba.

Hatua ya nne ndiyo yenye kazi ya mikono, nayo ni kulisoma ganda. Chukua lile lililopigwa, lisugue kwa kitambaa, lishike karibu na dirisha. Kabla ya kupigwa shaba ilikuwa na bega kali. Sasa bega limesogea mbele na kuwa duara, kwa sababu moto ulilipuliza ganda hadi likajaza chemba na kuchukua umbo lake. Hilo sasa ni picha ya chemba ya bunduki hiyo moja. Teremsha jicho hadi kidole kimoja hivi juu ya kitako. Ukiona pete inayong'aa kulizunguka ganda, usiendelee. Kisha chukua waya mwembamba, kunja ncha yake kidogo kama ndoana, uingize kwa mdomo wa ganda hadi chini, halafu uvute polepole ukiikwaruza ncha ukutani. Kwenye ganda zima ncha itateleza. Kwenye ganda lililochoka, ncha itanasa ghafla kwenye mfereji ambao jicho haliwezi kuuona: hapo ndipo shaba imevutwa hadi ikawa nyembamba, na hapo ndipo litakapokatika, kitako kikitoka na bolti na mwili ukibaki ndani ya chemba. Ganda la namna hiyo lipondeponde kwa koleo palepale, asije mwingine akaliokota na kulihurumia.

Ukiokota ganda la G3 utaona kitu kingine: mistari myeusi inayokwenda kwa urefu wake, kana kwamba limechorwa kwa penseli. Chemba ya G3 ina mifereji ndani, ili gesi ipite pembeni na ganda lisigande wakati bolti inalivuta kwa nguvu. Mistari hiyo ni saini. Mwenye bunduki nyingine ya 7.62×51 akikuonyesha ganda lenye mistari akidai ni lake, unajua limetoka wapi.

Hatua ya tano ni uamuzi, na uko wa njia mbili. Ya kwanza, nayo ndiyo ninayoishikilia: kila bunduki na maganda yake. Ganda lililokwisha kuchukua umbo la chemba moja, linabanwa shingo tu ili likishike kichwa kipya, na mwili wake unaachwa kama ulivyo. Linaishi muda mrefu kwa kuwa halivutwi huku na huku. Gharama yake ni kwamba limekuwa la bunduki hiyo daima. Kwenye bunduki ya pili linaweza kukataa, na likikataa, limesema ukweli. Basi yawe masanduku mawili, kila moja na namba ya bunduki yake imeandikwa kwa rangi isiyofutika, na yasikae rafu moja.

Njia ya pili ni kubana mwili wote wa ganda kwa kalibu hadi liingie kwenye chemba ndogo kuliko zote ulizo nazo. Litaingia pia kwenye kubwa, kweli. Lakini kila likipigwa kwenye kubwa litavimba, kila likibanwa litarudi, na shaba inayokunjwa na kukunjuliwa ina siku zake. Mark Four yenye chemba ya ukarimu huyamaliza maganda ya namna hiyo baada ya kujazwa mara chache tu. Ukichagua njia hii, ile kazi ya waya inakuwa ya kila mara, kwa kila ganda, bila kuruka hata moja. Vipimo vya baruti sitaviandika hapa. Vinatoka kwenye kitabu cha mtengenezaji wa baruti hiyo hiyo, si kwa jirani, na si kwangu.

Hatua ya sita ni kujihadhari na mvua, ambayo miongozo ya wenzetu wa nchi kame huisahau. Kericho iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na mawingu ya alasiri tunayajua kwa sauti. Ganda linapofyatuka hujibana kwenye kuta za chemba, na kuta hizo hubeba sehemu ya nguvu. Likiwa na maji au mafuta halishiki, linateleza nyuma, na nguvu yote inaangukia bolti. Kwa hiyo yule anayepaka risasi mafuta ili "ziingie vizuri" anaumiza bunduki kwa ukarimu mkubwa. Kausha risasi, kausha chemba.

Na asije mtu akasema kujaza maganda ni ujuzi wa Wazungu wa mbali usiowahi kufika huku. Ulifika, na kazi ilifanywa na mikono ya Waafrika, safari ya siku moja hivi kwa gari kutoka hapa. Mwaka 1914 askari wengi wa Schutztruppe, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani, walikuwa bado na Mauser ya mwaka 1871, yenye risasi nene na moshi unaomtangaza mpigaji. Wachache walikuwa na Mauser mpya ya 1898. Baada ya mapigano ya Tanga mwezi Novemba waliteka bunduki za Waingereza za .303 na risasi 600,000 pamoja nazo. Kwa hiyo jeshi moja lilikuwa na chemba za aina tatu, na mpagazi aliyekosea sanduku aliweza kuipelekea kombania nzima risasi isiyoingia.

Kisha Aprili 1915 meli Rubens, iliyotumwa na Wajerumani na kupenya kizuizi cha Waingereza, ilifukuzwa na manowari ya Kiingereza Hyacinth hadi ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikazama majini kiasi. Shehena ikaopolewa, bunduki mpya na risasi nyingi sana, lakini maji ya chumvi yalikuwa yamepita. Kadiri miezi ilivyokwenda fataki na baruti ziliharibika, na risasi zisizolipuka zikaongezeka. Paul von Lettow-Vorbeck, jemadari wao, ameeleza lililofuata: kule Moshi Mpya kila askari aliyepatikana aliketi kutwa nzima, kwa miezi, akivunja risasi mojamoja, akisafisha baruti, akibadilisha fataki pale ilipobidi, akizifunga tena.

Kinachonigusa zaidi ni jinsi walivyozigawa. Risasi nzima za zamani, zisizowahi kuonja maji, zilihifadhiwa kwa bunduki za rasharasha peke yake, kwa sababu hizo zikikwama katikati ya mapigano watu wanakufa. Zilizotengenezwa upya ambazo kama moja katika tano haikulipuka, ziliruhusiwa vitani. Zilizokuwa mbaya kuliko hizo zilibaki za mazoezi. Watu waliokuwa na dhiki kuliko sisi sote, wamezingirwa, hawana duka, hawana meli nyingine inayotarajiwa kesho, bado walitenganisha masanduku. Majina ya askari walioketi kwenye mabenchi yale sijayaona popote, na ningependa yangeandikwa kando ya jina la jemadari, maana ustadi ulikuwa wao.

Sasa makatazo, kwa haraka. Usipige bolti kwa nyundo, wala kwa kiganja. Usipige tupa bega la ganda. Usiipeleke bunduki kwa fundi wa kuchomelea mageti "akapanue kidogo". Chemba hupanuliwa kwa kifaa chake maalumu na mtu mwenye leseni. Risasi isipolipuka, uelekeze mtutu mahali salama na uhesabu polepole hadi thelathini kabla ya kufungua, kwa sababu fataki iliyochelewa bado inaweza kuamka. Na ukisikia mlio mdogo kuliko kawaida, mfyatuo hafifu, simama. Kichwa cha risasi kinaweza kuwa kimekwama katikati ya mtutu. Anayepiga ya pili juu yake ndiye yule ambaye majirani husimulia habari zake msibani.

Lililobaki linatuhusu hata sisi wengi tusio na bunduki. Mzee akifariki, watoto wakapanda darini na kukuta bunduki iliyofungwa gunia na mkebe wa risasi za .303 zilizogeuka kijani, cheti chake hakirithiwi. Yuko pia mchumaji anayekuta risasi kwenye udongo kati ya mistari ya chai. Asiitie mfukoni, asiwaachie watoto, aweke alama mahali pale na amwite chifu au polisi. Wenye mizani ya vyuma vikuukuu nao wana sehemu yao: mtu akileta maganda, wageuze kila kitako na watazame fataki katikati. Yenye kishimo cha pini imegongwa, ingawa inaweza kuwa haikulipuka. Ambayo uso wake ni laini bado ina kazi yake yote ndani, na isikaribie mzani wala nyundo.